Petroli, thina na mafuta ya taa: Madaraja ya hatari na matumizi salama Handeni na Korogwe

BARABARA kuu iendayo mikoa ya Kaskazini hupita katikati ya maisha ya wakazi wa Handeni na Korogwe. Malori ya mafuta yatokayo Dar es Salaam hupita Mkata, Kabuku na Michungwani hadi Segera, ambako hukutana na yale yatokayo Tanga kupitia Muheza na Hale. Baadhi yao huendelea hadi Korogwe na Mombo, yakielekea Moshi na Arusha. Tangu mwaka 2015, bandari ya Tanga ilipoanza kupokea meli za mafuta chini ya utaratibu wa uagizaji wa pamoja, sehemu ya mahitaji ya mikoa hiyo hushushwa huko huko mkoani.

Pembeni mwa barabara hizo na ndani vijijini, bidhaa hiyo hiyo huonekana kwa sura ndogo zaidi. Ni chupa za maji zilizojazwa petroli na kupangwa juu ya meza kwa ajili ya waendesha bodaboda. Ni dumu la lita 20 lililowekwa uvunguni mwa kitanda na mwenye jenereta. Ni kopo la thina katika karakana ya seremala, na bakuli la petroli ambamo fundi pikipiki anaoshea vipuri.

Wengi wanaozitumia bidhaa hizi wanafahamu kwamba zinashika moto. Lisilofahamika vya kutosha ni kwamba hazitofautiani kwa jina na bei tu, bali zimewekwa katika madaraja ya hatari yanayotambulika duniani kote, na kila daraja lina masharti yake. Makala haya yanaeleza madaraja hayo, sababu zake, na namna yanavyomhusu mkazi wa wilaya hizi mbili.

Kinachowaka ni mvuke

Petroli, mafuta ya taa, dizeli na sehemu kubwa ya viyeyushi vya rangi na gundi ni vimiminika vya jamii ya haidrokaboni, yaani michanganyiko iliyojengwa kwa elementi mbili, kaboni na haidrojeni. Petroli peke yake ina mchanganyiko wa aina nyingi za haidrokaboni, nyingine nyepesi kiasi kwamba hupaa hewani mara kifuniko kinapofunguliwa.

Kimiminika chenyewe hakiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa. Kwa petroli, mchanganyiko huo huwaka pale mvuke unapofikia takriban asilimia 1.4 ya hewa, na huendelea kuwaka hadi takriban asilimia 7.6. Chini ya kiwango cha kwanza mvuke ni hafifu mno. Juu ya kiwango cha pili mvuke ni mwingi mno na hewa haitoshi.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Lita moja ya petroli ikigeuka yote kuwa mvuke hutoa takriban lita 200 za mvuke. Kiasi hicho kikitawanyika sawasawa kinatosha kuifanya hewa ya chumba chenye mita za ujazo 14 kuwa tayari kulipuka. Hicho ni chumba cha upana wa mita mbili, urefu wa mita tatu na kimo cha kawaida, ambacho familia nyingi hukitumia kulala na kuhifadhi vitu.

Aidha, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kati ya mara tatu na mara nne. Kwa sababu hiyo haupandi juu kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni, huingia katika mitaro na mashimo, na huweza kusafiri mbali na chombo chake hadi ukutane na jiko, kibatari au cheche ya swichi. Moto ukishika huko, hurudi kwa kasi kufuata njia ya mvuke hadi kwenye chanzo. Ndiyo maana si ajabu mtu aliyemwaga petroli uani akashangaa kuona moto umeanzia jikoni.

Madaraja yanavyopangwa

Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulichapisha kwa mara ya kwanza mfumo mmoja wa kimataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea alama, ili nchi zote zitumie lugha moja ya hatari. Katika mfumo huo, vimiminika vinavyoshika moto hugawanywa katika madaraja manne kwa kutumia kipimo kikuu kimoja, nacho ni kiwango cha joto la kuwakia. Hiki ni kiwango cha chini kabisa cha joto ambacho kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kushika moto iwapo utakutana na mwali au cheche.

Daraja la kwanza ni vimiminika vyenye joto la kuwakia chini ya nyuzi 23 za Selsiasi na vinavyoanza kuchemka kwenye nyuzi 35 au chini yake. Daraja la pili ni vile vyenye joto la kuwakia chini ya nyuzi 23 lakini vinavyoanza kuchemka juu ya nyuzi 35. Madaraja haya mawili huandikwa neno "Hatari" katika lebo zake.

Daraja la tatu ni vile vyenye joto la kuwakia kuanzia nyuzi 23 hadi 60, na daraja la nne ni zaidi ya nyuzi 60 hadi 93. Haya mawili huandikwa neno "Tahadhari".

Petroli ina joto la kuwakia la takriban nyuzi 40 chini ya sifuri. Karatasi nyingi za usalama huiweka katika daraja la kwanza, na nyingine katika daraja la pili, kulingana na kiwango inachoanzia kuchemka. Toluini, kiyeyushi kinachopatikana katika aina nyingi za thina, huwakia kwenye nyuzi 4 hivi, na hivyo kimo katika daraja la pili. Mafuta ya taa huwakia kuanzia nyuzi 38, nayo yamo katika daraja la tatu. Dizeli kwa kawaida huwakia juu ya nyuzi 52, na ndiyo sababu ni ngumu kuiwasha kwa kiberiti ikiwa imemwagika chini.

Maana ya madaraja haya katika hali ya hewa ya huku

Namba hizo zinapata maana halisi zikilinganishwa na joto la mahali. Korogwe mjini na nyanda za Handeni zina joto kubwa. Katika miezi ya Januari hadi Machi, mchana hupita nyuzi 30 mara nyingi, na chini ya paa la bati lisilo na dari, au ndani ya gari lililoachwa juani, joto hupanda zaidi ya hapo.

Kwa petroli, hakuna saa ya usiku wala ya mchana, masika wala kipupwe, ambayo Handeni au Korogwe itakuwa na baridi ya kutosha kuizuia isitoe mvuke wa kuwaka. Kila dumu lililo wazi, kwa kila saa, lina mvuke ulio tayari. Ni hivyo hivyo kwa thina nyingi.

Mafuta ya taa yana sura nyingine. Yakiwa ndani ya nyumba yenye ubaridi, mvuke wake ni mchache. Hata hivyo, umbali kati ya joto la kawaida la Korogwe na nyuzi 38 ni mdogo. Dumu la mafuta ya taa lililoanikwa juani mchana kutwa, au lililowekwa karibu na jiko, linaweza kuuvuka mpaka huo. Hapo mafuta ambayo mama wa nyumbani ameyazoea kwa miaka mingi hubadilika tabia bila kubadilika rangi wala harufu.

Mchanganyiko unaoua jikoni

Kutokana na tofauti hiyo ya madaraja, kuchanganya petroli na mafuta ya taa ni hatari kubwa kuliko hasara ya fedha. Wananchi wanalifahamu zaidi neno "uchakachuaji" kwa upande wa injini zilizoharibika, kwa kuwa wafanyabiashara wasio waaminifu walikuwa wakiongeza mafuta ya taa katika petroli na dizeli ili kujipatia faida ya tofauti ya kodi. Serikali ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa kivutio hicho.

Mchanganyiko wa upande wa pili huzungumzwa kidogo, nao ndio unaounguza watu. Kiasi kidogo tu cha petroli kikiingia katika mafuta ya taa hushusha joto la kuwakia la mafuta yote. Hili huweza kutokea bila nia mbaya, kwa mfano mwuzaji anapotumia dumu lililobeba petroli kuchotea mafuta ya taa, au dereva anapobeba bidhaa zote mbili kwa mpira mmoja wa kunyonyea. Mafuta hayo yakitiwa katika kibatari, taa ya chemli au jiko la mchina, mvuke hujikusanya ndani ya tangi la taa na kulipuka utambi unapowashwa.

Kanuni ni rahisi. Chombo kilichowahi kubeba petroli kisibebe mafuta ya taa. Mafuta ya taa yenye harufu kali ya petroli, au yanayokauka upesi yakipakwa kidoleni, yasitiwe katika taa wala jiko. Na jiko la mchina lisiongezwe mafuta likiwa linawaka au likiwa bado la moto.

Lori linapopinduka

Hakuna mahali ambapo elimu ya mvuke inahitajika zaidi kuliko kando ya barabara kuu. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikusanyika kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha, wengine papo hapo na wengine hospitalini katika siku zilizofuata. Rais wa wakati huo, John Magufuli, alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa.

Msiba huo ulifanana na mingine iliyotangulia katika ukanda huu. Tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, katika mazingira hayo hayo ya kuchota mafuta ya lori lililopinduka. Tarehe 2 Julai 2010, lori lilipinduka katika mji mdogo wa Sange, Kivu ya Kusini nchini Kongo, na zaidi ya watu 200 wakafa, wengi wao wakiwa wamekaa tu katika nyumba na mabanda ya jirani. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka katika mtandao wa bomba iliingia katika mtaro wa mtaa wa Sinai, jijini Nairobi, na moto wake ukaua watu wapatao 100.

Mara nyingi baada ya misiba hii mjadala huishia katika kutafuta nani aliyewasha sigara au nani aliyegusa betri. Ukweli wa kitaalamu ni kwamba katika eneo lililojaa mvuke kitu chochote kinatosha kuwa chanzo, iwe ni injini ya pikipiki inayowashwa, chuma kinachogonga lami, waya wa gari uliokatika, au jiko la mama lishe aliye mita nyingi kutoka hapo. Mtu aliyefika na ndoo tayari amesimama ndani ya wingu ambalo halioni. Asiyechota lakini amesimama kutazama yumo katika wingu hilo hilo.

Maeneo yenye msongamano wa biashara kando ya barabara kuu, kama Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe mjini na Mombo, yana kila sharti la msiba wa aina hiyo. Kuna malori, mitaro, majiko ya chakula na bodaboda nyingi zinazokimbilia palipo na tukio. Mwongozo wa dharura unaotumiwa na wazimamoto wa Amerika ya Kaskazini unaagiza watu wakae angalau mita 50 kutoka kwenye petroli iliyomwagika. Iwapo kiasi kilichomwagika ni kikubwa, unaagiza kufikiria kuwahamisha walio upande uendako upepo hadi umbali wa mita 300. Lori likiwa linaungua, umbali huo ni mita 800 pande zote.

Mkazi asiye na vipimo anaweza kukumbuka mambo manne. Aende upande upepo unakotoka. Apande palipoinuka, asishuke bondeni wala mtaroni. Azime jiko kabla hajaondoka ikiwa harufu bado haijafika, na ikiwa imekwisha kufika aondoke bila kuwasha wala kuzima kitu chochote. Kisha apige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kusoma alama za lori

Lori linaweza kutambulika kabla mtu hajalikaribia. Katika mfumo wa Umoja wa Mataifa wa usafirishaji, bidhaa za hatari zimegawanywa katika makundi tisa, na vimiminika vinavyoshika moto vimo katika kundi la 3. Alama yake ni mraba mwekundu uliosimama kwa pembe, wenye picha ya mwali wa moto na tarakimu 3 chini yake.

Pamoja na alama hiyo huwapo namba ya tarakimu nne inayotaja bidhaa yenyewe. Namba 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa, 1263 ni rangi na thina zake, na 1267 ni mafuta ghafi. Malori mengine hubeba bamba la rangi ya chungwa lenye namba mbili, moja juu ya nyingine. Namba ya juu ikiwa 33, maana yake ni kimiminika kinachoshika moto kwa wepesi mkubwa. Ikiwa 30, ni kile kinachohitaji joto zaidi. Mtoa taarifa akiweza kuisoma namba hiyo kwa mbali na kuitaja katika simu, wazimamoto watafika wakijua wanachokabiliana nacho.

Jambo jingine linalowahusu wakazi wa wilaya hizi ni Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Njia yake mkoani Tanga inapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, na bomba limesanifiwa kuyapasha joto la nyuzi 50 au zaidi ili yasigande. Si petroli na hayafai kutiwa katika pikipiki. Hata hivyo nayo yamo katika kundi la 3, na fundisho la Sinai linahusu bomba lolote: panapoonekana mafuta yakitoka ardhini, ni mahali pa kukimbia na kutoa taarifa.

Kuhifadhi na kumimina

Kwa anayelazimika kuweka petroli, jambo la kwanza ni mahali. Petroli haiwekwi katika chumba cha kulala, jikoni, wala chini ya ngazi inayotumika kutokea. Iwekwe katika kibanda cha nje kilicho mbali na nyumba, chenye matundu ya hewa karibu na sakafu, kwa sababu mvuke hukaa chini. Dirisha lililo juu peke yake halisaidii. Kiasi kiwe kidogo kadiri inavyowezekana.

La pili ni chombo. Chupa ya maji ya kunywa haikutengenezwa kwa petroli. Kifuniko chake hakizuii mvuke, plastiki yake hulegea, na jua huongeza msukumo wa ndani. Zaidi ya yote, mtoto mwenye kiu au mgeni wa nyumba huiona ni chupa ya maji au soda. Chombo kinachofaa ni dumu la chuma au la plastiki nzito lililotengenezwa kwa mafuta, lenye kifuniko cha kukaza na maandishi yasiyofutika. Lisijazwe hadi juu, maana petroli hutanuka joto linapopanda. Nafasi ndogo ibaki.

La tatu ni kumimina. Petroli inapopita kwa kasi katika mpira au faneli huzalisha umeme tuli, ambao huweza kuruka kama cheche. Kwa sababu hiyo dumu linalojazwa kituoni huwekwa chini ardhini, si juu ya kiti cha pikipiki wala ndani ya gari lenye zulia, na mdomo wa pampu ugusane na mdomo wa dumu. Injini izimwe, abiria wa bodaboda ashuke, na sigara isiwepo. Kumimina usiku kwa mwanga wa kibatari au koroboi ni kuuleta mwali mahali pasipostahili kuwa na mwali. Tochi itumike, nayo iwashwe kabla ya kufungua chombo.

La nne ni chombo kitupu. Pipa lililokwisha petroli huonekana salama, lakini mara nyingi ni la hatari kuliko lililojaa. Pipa lililojaa halina nafasi ya hewa. Pipa tupu lina hewa pamoja na mabaki ya mvuke, na huenda mchanganyiko ukawa ndani ya kile kiwango cha asilimia 1.4 hadi 7.6. Wachomeleaji wanaopokea mapipa na matangi ya pikipiki kwa ajili ya kukata au kuziba wanapaswa kukataa kazi hiyo hadi chombo kioshwe kikamilifu kwa maji na sabuni na kujazwa maji hadi karibu na sehemu inayochomelewa, kikiwa na tundu la kutolea hewa.

Mafundi na viyeyushi

Maseremala, wapaka rangi na mafundi viatu hutumia viyeyushi kila siku. Thina ya vanishi, gundi ya viatu na solusheni ya kuzibia pancha zote hukauka upesi kwa sababu kiyeyushi chake hupaa upesi, na wepesi huo wa kukauka ndio kipimo cha wepesi wa kuwaka. Fundi anayepaka vanishi katika chumba kilichofungwa ili vumbi lisiingie anakijaza chumba hicho mvuke.

Kazi hiyo ifanyike mahali pa wazi au penye milango miwili inayopishana upepo, bila jiko la mkaa karibu. Matambara yenye thina yawekwe katika ndoo ya chuma yenye kifuniko. Fundi pikipiki na aoshee vipuri kwa dizeli au mafuta ya taa badala ya petroli, kwa kuwa kushuka kutoka daraja la kwanza hadi la tatu ni kupunguza hatari kwa kiasi kikubwa kwa gharama ndogo. Mafuta hayo yakae kivulini, na mikono ivae glovu.

Madhara mwilini

Moto si hatari pekee. Uainishaji wa kimataifa unaitaja petroli pia kuwa inaweza kusababisha saratani, kwa sababu ina kiasi cha benzini. Mvuke wake huleta kizunguzungu na usingizi, na ukivutwa kwa wingi hupoteza fahamu. Ikigusa ngozi mara kwa mara huikausha na kuipasua.

Hatari ya haraka zaidi ni ile ya kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira. Tone dogo likipitia njia ya hewa huenea katika mapafu na kusababisha uvimbe mkali unaoweza kuua. Kwa hiyo aliyemeza petroli, thina au mafuta ya taa asitapishwe, wala asilazimishwe kunywa maziwa au mafuta ya kula. Kutapika huyapitisha mafuta kooni mara ya pili na kuyapa nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Apelekwe haraka hospitali, iwe Magunga mjini Korogwe, Hospitali ya Wilaya ya Handeni au kituo kilicho karibu zaidi, na chombo alichonywea kipelekwe pamoja naye. Mtoto anayekohoa baada ya kunywa mafuta ya taa apelekwe hata kama anaonekana mzima.

Moto ukitokea

Moto wa petroli hauzimwi kwa maji. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake na kusambaa ikiwa inawaka. Kinachofaa ni mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu au wa povu, na kwa moto mdogo mchanga mkavu au kufunika kabisa chombo. Moto ulioshika zaidi ya kile ambacho mtungi mmoja unaweza kuzima ni wa kuuacha na kuokoa watu.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Dawa ya meno, asali, mafuta ya kupikia na unga wa ngano visipakwe. Nguo iliyolowa petroli lakini haijashika moto ilowanishwe kwa maji kwanza, kisha ivuliwe mbali na mwali wowote.

Sheria na wajibu

Tanzania haikosi sheria katika jambo hili. Biashara ya mafuta husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, na kuuza mafuta bila leseni ni kosa. Viyeyushi na kemikali nyingine vimo chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Usalama wa mafundi kazini umo katika Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, chini ya OSHA.

Pamoja na hayo, petroli ya chupa inaendelea kuuzwa kwa sababu ina mnunuzi. Mwendesha bodaboda aliye kijijini, mbali na lami, hawezi kusafiri hadi Handeni mjini au Mkata kila anapopungukiwa lita moja. EWURA imeweka utaratibu wa vituo vidogo vya gharama nafuu kwa maeneo ya vijijini, na huko ndiko suluhisho la kudumu liliko. Vikundi vya bodaboda, vyama vya ushirika na halmashauri za wilaya na miji zina nafasi ya kuanzisha vituo hivyo, kuliko kuendelea na msako wa chupa mezani ambazo hurudi siku ya pili.

Mpaka hapo vituo hivyo vitakapoenea, meza ya chupa itabaki kuwa ghala la kimiminika cha daraja la juu kabisa la hatari. Anayeiendesha na aitenge na jiko, na mahali wanapolala watoto, aweke ndoo ya mchanga karibu, na aandike jina la bidhaa juu ya kila chombo. Na siku lori litakapolala ubavu barabarani kati ya Mkata na Mombo, mzazi amzuie mwanawe asitoke na ndoo, kwa kuwa mvuke utakuwa umekwisha kufika kabla yake.